Uwanja kujaa sio kura, watia nia wetu wa Mbeya waambiwe

Hili naliandika kwa uchungu maana huku Mbeya limeshatuumiza. Mwaka 2005 Profesa Mwandosya aliingia tatu bora ya kugombea urais ndani ya CCM, sisi kuanzia Tukuyu mpaka Uyole tukajua tayari, mtoto wa nyumbani kafika. Matokeo ya Chimwaga, ule ukumbi wa Dodoma ambako wajumbe wa mkutano mkuu wa CCM walipiga kura, yakaja: Kikwete 1,072, Salim Ahmed Salim 476, wa kwetu 122. Yani 122! Mwaka 2015 akarudisha tena fomu, hata tano bora hakuingia.

Watu wamezoea kusema wajumbe sio watu. Mi sikubaliani kabisa. Mjumbe ni mtu na anakumbuka nani alimjulia hali msibani, ukimfuata wiki ya mwisho pale Dodoma ameshaahidi mwenzio. Angalia kura za mgombea urais wa CCM 1995, raundi ya kwanza Kikwete aliongoza kwa 534, Mkapa 459, Msuya 336, Msuya akatoka, raundi ya pili Mkapa akapata 686 na Kikwete 639. Piga hesabu hapo, Mkapa kaongeza kura 227, Kikwete 105 tu. Najua Mwalimu Nyerere alikuwa upande wa Mkapa na hilo lilikuwa na uzito wake, ila bado ukweli ni kwamba watu wa Msuya walipokosa mtu wao wengi walikimbilia kwa Mkapa. Kikwete na wenzake hawakukaa kulia, wakajenga ule mtandao wa watu wao ndani ya chama miaka kumi, mkoa kwa mkoa, ndo maana 2005 ikawa vile.

Sisi je? Juni 2015 nilipanga foleni kumdhamini mtia nia mmoja, baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita mnaijua, mbele yangu mama mtu mzima kadi yake ya chama kaifunga kwenye nailoni mara tatu isilowe, anaifungua taratibu vidole vimekufa ganzi, kijana anakopi namba kwenye fomu, huku nyuma watu wanaimba. Kumbe chama kilikuwa kinataka wadhamini 450 tu kutoka mikoa 15! Nyomi kuliko wote alikuwa nalo Lowassa na jina lake likakatwa Kamati Kuu, halafu Membe naye mwenye kambi yake kubwa akaishia tano bora, na mi naamini kabisa kambi zile mbili zilimalizana zenyewe. Magufuli ambaye hakuwa na ugomvi na mtu akatoka na kura 2,104.

Kwahiyo wa kwetu akitaka tena, aanze miaka mitano kabla. Hela za fulana na mabasi zimpeleke Pemba, Kigoma, Mtwara, akanywe chai na wajumbe nyumbani kwao, na vijana wake waache kutukana kambi nyingine mitandaoni maana raundi ya pili kura za hao hao ndo atazihitaji. Na yule mama asitolewe tena kwenye baridi ile kwa ajili ya sahihi ambayo ilishazidi idadi.