Ufuo wa Bure Una Saa Zake

Kila likizo ikikaribia, orodha ya mambo ya bure Mombasa ni ile ile: piga picha chini ya Mapembe, yale ya ndovu yaliyovuka Moi Avenue, tembea Mji wa Kale, vuka feri, teremka ufuo wa umma wa Pirates. Hakuna hata moja linalodai kiingilio. Kasoro ya orodha hizi ni kwamba hazitaji saa, na mji huu unakwenda na maji. Mgeni huamka akanywa chai taratibu, akala wali mchana, akashuka ufuoni Nyali saa kumi, akakuta bahari imeegemea ukuta wa hoteli na mchanga wote umemezwa. Anarudi akisema Nyali hakuna ufuo. Upo. Ulikuwepo asubuhi.

Kujua maji yako wapi hakuhitaji programu ya simu. Tazama kalenda ya Kiislamu, ile inayotundikwa ukutani karibu kila duka la Mji wa Kale. Tarehe 1 na 15, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hutoka mbali sana na hujaa juu sana, tofauti ikipita mita tatu. Tarehe hizo maji huwa makavu kabisa baina ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa baina ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika hamsini. Ukifika tarehe 8 au 22 mambo yamepinduka: ni maji mafu, yanajaa asubuhi na kutoka jioni, na tofauti haipiti sana mita moja. Upepo husogeza hesabu hii kidogo, lakini kwa kupanga siku inatosha.

Hesabu hii ina uzito wa kisheria pia. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 62, inaiweka ardhi iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kutoka kuwa ya umma. Kwa hiyo maji yakitoka, uwanja wako mwananchi unapanuka. Yakijaa bamvua, unabanwa hadi kwenye ngazi za mwenye ploti, na hapo soja (mlinzi wa geti) anapata la kusema. Shida kubwa zaidi ni vile vichochoro vya kushukia baharini, vinavyopita katikati ya kuta mbili. Vingine vimebanwa na kuta zilizosogezwa, vingine vimewekewa geti na swali la "unaenda wapi?" Jibu ni "baharini", kwa upole, bila kusimama. Kama kweli njia imefungwa, usigombane na soja ambaye hakuijenga. Ingia kupitia Pirates, ambako mlango ni mpana na ni wa umma, kisha tembea kwa mguu juu ya mchanga uelekee unakotaka. Tunaona ni aibu kwa mji wa bahari kumlazimisha mtoto wake azunguke hivyo, ila ndivyo ilivyo.

Asubuhi ya bamvua ndiyo ya kutazama vidimbwi vya miambani, ufuo wa Shelly upande wa Likoni au ule wa Nyali. Anza muda wa saa mbili kabla ya maji kukauka, uyafuate yanavyotoka. Kiti cha pweza, jongoo bahari, kaa wadogo wa kila rangi: vyote utaviona bila kulipia mashua. Vaa raba kuukuu. Ndara hazifai, zinachomoka kwenye tope na miba ya wale viumbe weusi wa mviringo hupenya soli. Usiokote kitu, ndani ya eneo la hifadhi ya bahari ni kosa, na kombe lenye mnyama ndani litanuka mkobani kabla hujafika Mtito Andei. Maji yakigeuka tu, na wewe geuka. Bahari haikujii kwa mbele. Hujaza kwanza mkondo ulio nyuma yako, baina ya mwamba na ufuo, na ulikopita kwa maji ya kifundo cha mguu utarudi kwa maji ya kifua.

Kuogelea ni hesabu nyingine. Maji makavu ya bamvua utatembea mpaka uchoke bila kulowa kiuno. Siku za maji mafu, mchana, ndizo nzuri kwa watoto.

Sasa tazama Idi Ndogo. Huangukia tarehe 1 Shawwal, yaani daima iko kwenye bamvua. Watu wanakula, wanavaa, wanafika Pirates alasiri, saa ile ile maji yanapofika kilele na mchanga kuwa mwembamba kama utepe. Kisha baada ya saa kumi na moja maji yanaanza kutoka kwa nguvu huku jua likikaribia kutua. Mtoto aliyelala juu ya tairi la kukodi hapigi kelele. Anasukumwa polepole tu kuelekea nje. Shika kamba ya tairi mkononi, au mtoe majini kabla maji hayajageuka.

Maji yakiwa yamejaa, bahari itazame kutoka juu. Barabara ya Mama Ngina, yenye mibuyu mikubwa, iko juu ya mwamba, na meli za bandari ya Kilindini hupita karibu kiasi cha kuonekana mabaharia sitahani. Usishuke kuoga pale, kuna mawe na mkondo. Kutoka hapo feri ya Likoni si mbali. Mwenda kwa miguu halipi. Asubuhi umati unatoka Likoni kuingia kisiwani, jioni unarudi, basi wewe vuka kinyume chao na simu ikae mfukoni.

Mji wa Kale tumeuacha mwisho kwa sababu unasubiri. Kuingia Fort Jesus kunalipiwa, lakini kuta zilizoanza kujengwa 1593 zinaonekana vizuri kutoka nje. Shika barabara ya Ndia Kuu baada ya alasiri, jua likishalegea, utazame milango ya nakshi na roshani, upite Msikiti wa Mandhry ambao unaswaliwa tangu karne ya 16. Mtu akianza kukueleza historia bila kuombwa, bei imeshaanza kuhesabika: ama mkubaliane pale pale, ama sema "ahsante, natembea tu." Omba ruhusa kabla ya kupiga picha watu wa barazani. Ukisikia vikombe vikigonganishwa, huyo ni muuza kahawa tungu na dele lake, birika la kahawa. Kahawa si ya bure, ila chenji ya nauli inatosha.