Kabla ya kupanda farasi, mtoto azoe samadi kwanza

Likizo ya mwezi wa sita ikikaribia, wazazi wa Tanga huwa tuko mafungu mawili. Kuna wa kumrudisha mtoto twisheni tangu asubuhi hadi adhuhuri, na kuna wa kumpeleka kwa bibi yake Lushoto au Pangani akale ashibe. Siku hizi limechomoza fungu la tatu, la wenye nafasi kidogo, wanaotumiana kwenye simu video za watoto wa Marekani wakiwa kambini kwenye ranchi: kofia ngumu kichwani, buti miguuni, farasi wa kahawia. Shoga yangu mmoja alinirushia video kama hiyo kisha akanipigia. "Mwenzangu, huku kwetu hakuna mtu wa kutufanyia kitu kama hiki?" Nikamwambia akitokea, wa kwanza kuandikisha ni mimi, ila kwa sharti.

Sharti lenyewe ni kwamba iwe ranchi ya kazi kweli, na mtoto afanye kazi.

Anayepiga video hupenda zaidi pale farasi anapotimua mbio. Saa nyingine zote za siku hazionekani. Kwenye kambi za aina hiyo zinazoendeshwa sawasawa, mtoto huamka mapema, akabeba maji, akazoa samadi bandani, akatandaza nyasi kavu, akampiga farasi brashi mwili mzima, ndipo aambiwe habari ya tandiko. Farasi mmoja mkubwa ana uzito wa kilo 450 hadi 500 na hunywa lita 20 mpaka 40 kwa siku. Mpe mtoto wa darasa la tano hiyo hesabu kwa ndoo ndogo, tuone kama jioni atakumbuka kuulizia simu.

Kazi ninayoipenda zaidi ni ya kwato. Mtoto hamwendei farasi kwa nyuma; humjia ubavuni karibu na bega, akiongea ili mnyama ajue yuko wapi. Kisha anateremsha mkono taratibu kwenye mguu mpaka chini, anaegemea kidogo, na farasi, akitaka, ananyanyua mguu. Akitaka, nasema. Hapo ndipo mtoto anachukua chuma chake na kuchokoa matope na vijiwe, akianzia kisigino kwenda mbele, akijihadhari na ile sehemu laini ya katikati yenye umbo la pembetatu. Farasi akivuta mguu, kazi inaanza upya. Hakuna kulia wala kumwita mama, maana mnyama wa uzito ule hababaishwi na machozi ya mtu. Mtoto aliyezoea nyumbani kupewa kila akitakacho kwa kununa atajifunza hapo jambo ambalo mimi na baba yake tumeshindwa kumfundisha.

Linganisha na farasi wa ufukweni, wale wa siku za sikukuu. Unalipa, mtoto anapandishwa, hatamu zimeshikwa na kijana, wanakwenda hatua chache, picha, anashushwa. Farasi kasimama juani tangu asubuhi, mbavu zinahesabika. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, ila mbele ya foleni ya wazazi wenye simu sijui nani anaikumbuka. Kambi ikiwa ya namna hiyo, mwanangu heri abaki na twisheni yake.

Wapo watakaosema farasi ni mambo ya wazungu. Hao nawakumbusha chuoni, yaani madrasa. Maneno yanayonasibishwa na Sayyidna Omar, kwamba watoto wafundishwe kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi, tumeyasikia tangu tukiwa wadogo. La kuogelea watoto wa Raskazone wamelitimiza bila kuambiwa na mtu. La farasi ndilo limetushinda, na sababu si uvivu wetu.

Pwani hii haijawahi kuwa rafiki wa farasi. Yule mwandishi wa habari Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta mpelelezi Livingstone, alikuwa na farasi wawili, mmoja zawadi ya Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Wote wawili walikufa msafara ungali jirani na pwani. Alipompasua mmoja alikuta minyoo tumboni. Ukiacha minyoo, kuna mbung'o na nagana, ugonjwa wa mifugo anaoueneza. Ranchi ya Mkwaja, kule kati ya Pangani na Saadani, ilihangaika miaka na miaka kuwachoma ng'ombe dawa za nagana, mwisho ikafungwa, na ardhi yake sasa imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Halafu kuna ile homa kali ya farasi inayoenezwa na usubi wanaouma usiku, ambayo humkumba mnyama asiyechanjwa na mara nyingi humwua. Kwa hiyo anayewaza kuleta farasi huku asianze na bango. Aanze na daktari wa mifugo, chanjo, na banda la kuwafungia tangu jua linapozama. Na asiniambie eneo lake liko mpakani na hifadhi kwa sababu mandhari ni nzuri.

Lakini tuulizane, lazima awe farasi? Mimi naona kinachofundisha ni ile ranchi, farasi ni kishawishi tu cha kumfikisha mtoto pale. Na ng'ombe mkoa huu umejaliwa. Kuna ranchi ya Mzeri kule Handeni, kuna mafunzo ya mifugo Buhuri, kuna wafugaji wadogo wa Muheza wanaopeleka maziwa kiwandani kila asubuhi. Mtoto wa Ngamiani anayekunywa maziwa ya pakiti hajawahi kumtia ndama vidole mdomoni akasikia ule ulimi wa msasa unavyovuta. Mpe wiki ya kukamua, kuogesha ng'ombe dawa ya kupe, kukata majani, na punda mpole wa kumpanda jioni. Shukrani ya punda ni mateke, ndiyo, basi ajifunze kusimama mahali pasipofikiwa na mateke.

Mwenye shamba atakayethubutu ajue nitakuja na maswali. Kofia ngumu zipo za kila kichwa, au mbili zinazopokezana? Mabinti watalala wapi na mama gani? Suruali ndani ya gauni ni ruhusa, na mtandio je, utabanwa vipi usije ukanasa kwenye tandiko? Zahanati iko umbali gani kwa pikipiki? Wa chini ya darasa la tano ningependa waende asubuhi na kurudi jioni. Kulala nje ya nyumbani wiki nzima katika umri huo sioni haraka yake.

Na atangaze mapema. Huku kwetu wazazi huanza kuulizana tangu mwezi wa tano, na hela ya twisheni ikishalipwa hairudi.