Nimenunua Gari Lisiloezekwa

Wiki iliyopita, saa sita na robo mchana, nilikalia pasi. Nasema pasi kwa sababu sioni neno jingine litakaloeleza kwa haki yaliyonipata nilipofungua mlango wa gari langu, lililokuwa limeegeshwa kwa saa moja tu karibu na Soko Kuu la Mtwara, nikajitupa juu ya kiti cha ngozi nyeusi kwa haraka ya mtu anayewahisha changu wake nyumbani kabla hawajaanza kunuka. Niliruka, nikagonga kichwa kwenye paa, na paa hilo, ambalo katika magari ya watu wenye akili ni bati lililofunikwa kitambaa, kwangu mimi ni kioo kitupu, nacho kilikuwa cha moto kama kikaango. Kwa hiyo niliungua chini, nikaungua na juu, na kijana auzaye korosho pale pembeni akaniuliza kwa adabu kubwa: "Shikamoo mzee. Unapanda au unashuka?"

Gari hili nililinunua kwa kiinua mgongo, baada ya kushika chaki miaka 33. Wakala aliyeniuzia alinieleza kwamba hilo ni toleo la kifahari na kwamba usiku nitakuwa nikitazama nyota nikiwa nimekaa kitini, nami, mtu mzima mwenye wajukuu, nikaongeza fedha kwa ajili ya nyota. Tangu siku hiyo nimezitazama mara moja tu, pale Mikindani, na nilikuwa nje ya gari, nimelala chali kando ya barabara, natafuta mahali pa kuweka jeki.

Huku kwetu Kusini kila mtu anajua kwamba kazi ya kwanza ya mwanadamu ni kutafuta kivuli. Tunaezeka makuti, tunajenga baraza, tunakutana chini ya mkorosho, na hata mbuzi, ambaye hajawahi kukaa darasani, huhama ukutani kadiri kivuli kinavyohama. Mtwara iko takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na maana yake ni kwamba jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 20 Oktoba likielekea kusini, na karibu na tarehe 21 Februari likirejea. Februari tunasaidiwa na mawingu ya mvua, lakini Oktoba mbingu huwa tupu kama mfuko wa mwalimu wa tarehe hiyohiyo, na ukisimama uwanjani saa sita mchana kivuli chako hukioni, kimekimbilia chini ya nyayo. Kule London, mwishoni mwa Desemba, jua la saa sita mchana hupanda nyuzi 15 tu kutoka upeo wa macho, na mtu anayeishi na jua la namna hiyo ninamwelewa kabisa akitoboa paa la gari ili alichungulie. Mimi niliyetoboa langu hapa Mtwara nilikuwa namchungulia nani?

Binti yangu yuko kidato cha tatu, na najilaumu kwa kumhimiza apende fizikia, kwa maana sasa anaitumia dhidi yangu. Alinieleza kwamba mwanga wa jua hupita kiooni bila shida, ukifika kwenye kiti unakipasha joto, na kiti nacho hulitoa joto hilo kwa mawimbi marefu ambayo kioo hakiyapitishi kirahisi. Yaani joto huingia kama mgeni wa matanga, arobaini ikapita, na begi bado hajalifunga. Jua la mchana mweupe, alisema, humwaga takriban wati 1,000 juu ya kila mita moja ya mraba. "Ni sawa na pasi moja ya umeme, Baba, imewashwa juu ya kichwa chako." Nikamwambia kwamba kioo changu ni cheusi. Akajibu kwamba weusi huo unapunguza, ila kioo chenyewe hupata moto na kuuelekeza ndani, na kwamba gari lililofungwa juani linaweza kuzidi joto la nje kwa nyuzi 20 ndani ya saa moja, sehemu kubwa ya ongezeko hilo ikitokea katika nusu saa ya kwanza. Hivyo hata ile kauli yangu ya "naingia dukani mara moja tu" haina msaada wowote.

Nilijifariji kwamba angalau napata vitamini D. Binti akacheka mpaka akaweka daftari chini. Miale inayoiwezesha ngozi kutengeneza vitamini hiyo ni ile ya urujuanimno iitwayo UVB, na kioo huizuia karibu yote. Ile iitwayo UVA, ambayo kazi yake ni kuizeesha ngozi, ndiyo inayopenya vizuri kwenye vioo vya kawaida vya milangoni. Kumbe nachomwa kutoka juu, nazeeshwa kutoka ubavuni, na malipo yangu ya vitamini yanabaki nje ya mlango!

Mwezi uliopita nilimpeleka mama mkwe Lindi, safari ya zaidi ya kilomita 100. Nilikifungulia kiyoyozi chote, nacho, sikidhulumu, kilifanya kazi yake, lakini kiyoyozi hupoza hewa, wakati jua halipiti kwenye hewa kuomba ruhusa, linashuka moja kwa moja kwenye kipara. Tulipopita Mikindani miguu yangu ilikuwa Makete kwenye baridi ya milimani na utosi wangu ulikuwa jikoni. Mama mkwe, aliyekaa kiti cha nyuma katikati kabisa ya kioo, hakulalamika, kwa kuwa ni mwanamke mwenye heshima zake. Alifungua mwavuli tu. Tulisafiri hivyo hadi Mingoyo, ambako askari wa usalama barabarani alitusimamisha, akautazama ule mwavuli mweusi uliojaa gari zima, akalitazama anga lisilo na wingu hata moja, kisha akainama dirishani. "Mzee, gari linavuja?" Nikamjibu kwamba ndiyo, linavuja jua. Alituruhusu tuondoke bila hata kuomba leseni, nadhani kwa huruma.

Mtu atasema, egesha kivulini. Nimeegesha. Chini ya mwembe embe dodo liliangukia kioo kwa kishindo kilichonifanya nitamke shahada. Chini ya mkorosho nilipata amani ya siku mbili, kisha msimu ukafika, mabibo yakaanza kudondoka na kupasukia juu ya paa, na kila mtu wa huku anajua doa la bibo linavyong'ang'ania. Chini ya mnazi sikuthubutu hata kuzima injini.

Lipo pazia la ndani, la kuvutwa kwa kubonyeza kitufe, lakini mota yake ilikufa wiki ya pili na fundi ananiambia kwamba kifaa chake kinatafutwa Dar es Salaam. Mke wangu, kwa kunionea huruma, akachukua kanga na kuibana kwa vibanio vya nguo kutoka ubavu hadi ubavu. Kivuli kilipatikana kweli. Ila siku ya kwanza nilipoinua macho nikiwa nimesimama kusubiri ng'ombe wavuke, nikaanza kunung'unika juu ya joto kama kawaida yangu, nilikutana na maandishi makubwa yaliyosimama sawasawa juu ya paji langu la uso: MBAAZI UKIKOSA MAUA HUSINGIZIA JUA. Nilipomuuliza kama hakukuwa na kanga nyingine ndani ya nyumba, alisema zilikuwa zimefuliwa.

Kanga ile haikukaa sana. Leo asubuhi nimetoka nimevaa shati la mikono mirefu, nina kikao cha chama cha msingi cha ushirika saa tatu, nikakuta imeondolewa, viti vimelazwa, na gari zima limetandikwa mikeka iliyojaa vipande vya muhogo vilivyomenywa, vyeupe, vimepangwa safu kwa safu hadi kwenye dashibodi. Vioo viliachwa wazi upana wa kidole ili mvuke utoke. Binti alishamhakikishia mama yake kwamba uwazi huo haupunguzi joto kwa kiasi cha maana. Nzi hawaingii, kuku hawafiki, na mbuzi wa jirani alikuwa amesimama nje, pua yake imebandikwa kwenye kioo, anasikitika.

"Mume wangu, leo panda bodaboda," mke wangu alisema kutoka jikoni. "Makopa hayajakauka."

Nikapanda bodaboda. Upepo ulivuma usoni njia nzima, na mikono ya shati niliikunja hadi juu ya viwiko, nikaivuna vitamini yangu.