Gharama ya mtaro na gharama ya mafuriko
Mkazi mmoja anasema mabilioni ya mitaro ya maji ya mvua Dar es Salaam yangejenga zahanati na barabara, eti mtaro unaweza kusubiri. Huyo nadhani anakaa mlimani. Sisi wa Tandale, kandokando ya Mto Ng'ombe, kabla haujajengewa kwa zege mvua ya usiku mmoja ilikuwa inaondoka na godoro, unga na madaftari ya watoto, na wapo majirani walioisubiri mvua hiyohiyo ili watapishe vyoo vyao kwenye maji. Hasara hiyo hakuna aliyeijumlisha popote. Mafuriko ya Desemba 2011 si mnayakumbuka, mpaka watu wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji? Na hiyo barabara anayoitaka, bila mtaro haimalizi masika mawili. Ninapoungana naye ni hapa: fedha ni mkopo wa Benki ya Dunia, tutaulipa, halafu mtaro unajaa mchanga, chupa na pampasi (tunazitupa wenyewe, tusisingizie wageni). Gharama zinazotajwa ni za zege tu, fungu la kuzibua silioni. Wenzangu wa Buguruni na Vingunguti, kwenu nani anazibua, na mnachangishwa shilingi ngapi?