Thabiti au Beta: Kote Kuna Kilio

Hivi ni nani aliyeamua kwamba mtu anayetaka programu huria ya kuandikia barua tu lazima kwanza afaulu mtihani wa kuchagua toleo? Ukichukua toleo thabiti na kuripoti hitilafu, unajibiwa kwa upole unaoudhi kwamba ilikwisha kurekebishwa zamani, ila katika beta, yaani toleo la majaribio. Haya, ukihamia beta, hitilafu ile imeondoka kweli, lakini imeacha ndugu zake watatu, na ukilalamika unaulizwa: kwani hukusoma onyo? Sasa sisi tukae wapi, mlangoni?

Namba za matoleo nazo hazisaidii, maana hata 1.0, inayotarajiwa kuashiria toleo la kwanza lililokamilika, huchelewa. Wine, programu ya kuendeshea programu za Windows kwenye mifumo mingine kama Linux, ilianza mwaka 1993 ikafikia toleo la 1.0 mwaka 2008, na Inkscape, programu ya kuchorea iliyoanza mwaka 2003, ilisubiri 1.0 yake hadi 2020, ingawa watu walikuwa wakiitumia miaka yote hiyo.

Debian nayo, mfumo endeshi huria wa kompyuta, hutoa toleo thabiti takriban kila baada ya miaka miwili, kisha karibu kila kitu hugandishwa isipokuwa marekebisho ya usalama na ya kasoro kubwa. Kwa seva hiyo ni busara, sibishi; lakini mwenye kompyuta mpya ambayo kifaa chake cha Wi-Fi hakitambuliwi na mfumo afanye nini, asubiri mpaka kompyuta izeeke ndipo itambulike?

Na ole wako ujaribu kurudi nyuma! Faili ulizohifadhi kwa beta huenda toleo thabiti likakataa kabisa kuzifungua, nakala ya akiba huna, na onyo, bila shaka, hukulisoma.