Finjani ya Palmach

Nilipoanza kusoma habari za Palmach, kikosi cha vijana wa Kiyahudi katika Palestina ya miaka ya 1940, neno lililonisimamisha halikuwa la kijeshi. Lilikuwa finjan. Kwetu pwani finjani ni kile kikombe kidogo cha kahawa chungu. Vijana wale wa Kiyahudi walilichukua neno kwa majirani zao Waarabu, wakaliita hivyo birika lenyewe, lile linalokaa motoni usiku huku watu wamelizunguka. Porojo zilizopigwa hapo waliziita chizbat, kutoka neno la Kiarabu la uongo, ndugu wa kadhabu yetu.

Na moto ule ndio uliokuwa darasa. Palmach iliundwa Mei 1941 kama kikosi cha vijana wa kujitolea ndani ya Haganah, jeshi la siri la Wayahudi wa huko, wakati Waingereza wanaitawala Palestina na majeshi ya Rommel, jenerali wa Ujerumani ya Hitler, yanatishia kuingia kupitia Misri. Hofu ile ilipopita, fedha za Waingereza nazo zikakatika, na Haganah haikuwa na uwezo wa kuwalisha. Jibu lilitoka kwa Yitzhak Tabenkin, kiongozi katika umoja wa kibbutz, yale mashamba ya kijamaa: waje kwetu, wafanye kazi, wale, wafanye na mazoezi. Ikawa karibu nusu ya mwezi ni jembe na zizi, siku zilizobaki ni bunduki na mapumziko. (Waliopita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania, wataitambua ratiba hii, na si bure. Mwaka 1948 Israeli iliunda Nahal kwa mtindo uleule wa kulima na kulinda, na Waisraeli ndio walioisaidia Tanganyika kuanzisha JKT mwaka 1963.)

Naamini jembe lile lilifundisha kuliko mhadhara wowote. Mtu aliyejitolea humshiki kwa amri peke yake. Saluti hazikupewa uzito, vyeo havikung'aa mabegani, na kamanda wa kwanza, Yitzhak Sadeh, mwanamieleka aliyewahi kupigana katika Jeshi Jekundu la Urusi, waliishia kumwita Mzee. Historia waliisoma kwa miguu, katika matembezi marefu ya jangwani hadi Masada, ngome ya kale ya Wayahudi. Siasa waliimeza pamoja na nyimbo.

Ila elimu ile ilikuwa na mwenyewe. Makamanda wengi walikuwa watu wa Mapam, chama cha mrengo wa kushoto kilichozaliwa Januari 1948 na kilichomkosesha usingizi Ben-Gurion, waziri mkuu wa kwanza wa Israeli. Kabla mwaka haujaisha akayavunja makao makuu ya Palmach. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi moja ina jeshi moja, na kwa hilo simpingi. Lakini tusimwone kama mgeni wa mambo haya. Mwaka 1918 yeye mwenyewe alijitolea katika kikosi cha Kiyahudi cha jeshi la Uingereza, na mwaka uliofuata yeye na Berl Katznelson, aliyekuwa naye katika vikosi hivyo, wakaanzisha chama cha Ahdut HaAvoda. Alijua fika kambi ya wanaojitolea huzaa nini.

Hayo ni ya wanasiasa. Linaloniganda mimi ni la Julai 1948, katika miji ya Waarabu ya Lydda na Ramle, wakati wa vita vilivyofuata kuundwa kwa Israeli. Waarabu kati ya 50,000 na 70,000 walifukuzwa, wengi wa Lydda wakitembea juani kuelekea upande wa jeshi la Jordan. Operesheni iliongozwa na Yigal Allon wa Palmach, na amri ya Lydda ilitiwa saini na Yitzhak Rabin, aliyekuja kuwa waziri mkuu. Miaka mingi baadaye Rabin aliandika kwamba katika brigedi ya Yiftach ya Palmach walikuwamo vijana waliolelewa na vyama vya vijana juu ya undugu wa mataifa na utu, na baadhi yao walikataa kushiriki. Akasema pia kwamba baada ya tukio ilibidi wafanyiwe kazi ndefu ya propaganda kuwaondolea uchungu. Kamati ya mawaziri wa Israeli ikaizuia sehemu hiyo isichapwe katika kitabu cha kumbukumbu zake. Ikajulikana mwaka 1979 kupitia gazeti la Marekani.

Hebu irudie hiyo. Walifundishwa, wakaelewa, wengine wakakataa, kisha wakafundishwa upya ili waache kuelewa. Majuma yote yale motoni waliazima kwa jirani finjani, wakaazima mpaka jina la uongo wao, na jirani mwenyewe hakuwa katika somo. Ningetoa kitu kujua wale waliotumwa kuwatuliza walisema nini usiku ule, na kama kahawa ilikuwa motoni.