Mtihani wa Python au wa Kidole Gumba?

Mpwa wangu kapata 4 kati ya 20 kwenye mtihani wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, waliofanyia kwenye simu. Ndiye huyu huyu aliyeniandikia kwa kalamu, kwenye daftari, programu ya kujumlisha madeni ya duka langu hapa Mwanga. Nikamfuata, nimevimba.

"Mjomba, simu ndiyo imenibadilishia herufi."

Nikasema lete nione. Kweli bwana. Kaandika print, amri ya kuonyesha jibu, simu kwa ukarimu wake ikampa P kubwa, utadhani anamwandikia shangazi barua. Python haina utani: Print haiijui, inagoma. Na msahihishaji ni mashine. Inaendesha kodi, yaani hiyo programu aliyoandika (si ile ya TRA, tulieni), jibu lisipotoka, sifuri.

Mtasema angezima hizo herufi kubwa kwenye mipangilio. Angezima, ndiyo. Sasa mtihani ulikuwa wa Python au wa mipangilio ya simu? Lugha yenyewe inahesabu nafasi mwanzoni mwa mstari, na kwenye kioo kidogo mstari mrefu unajikunja, hujui umeacha nafasi tatu au nne. Ukitaka { unapekua kurasa mbili za alama; ukirudi umeshasahau ulichokuwa unawaza. Tunapima akili au kidole gumba?

Haya, nakubali, shingo upande: kompyuta za chuo chao hazitoshi, umeme ukikatika hakuna mtihani, na simu anayo hata yule anayeshindia mihogo. Basi itumike kwa inachokiweza. Mwonyeshe mwanafunzi mistari kumi, muulize itatoa nini. Au mvurugie mistari aipange upya kwa kuiburuta. Dale Parsons na Patricia Haden wa New Zealand waliandika kuhusu mafumbo ya namna hiyo mwaka 2006, si jambo la jana. Hapo hakuna herufi ya kubadilishwa. Asiyejua kwamba return, amri ya kutoa jibu na kuondoka, ikikaa ndani ya kitanzi (mistari inayorudiwa-rudiwa) programu inatoka kwenye mzunguko wa kwanza, ataumbuka mwenyewe, na anayejua atapata haki yake bila kubembeleza kibodi.

Kuhusu kuibia, tusidanganyane. Hata enzi za karatasi tuliibia.

Marudio ni Jumatatu. Nimemnunulia kibodi ya kuchomeka kwenye simu, 15,000 taslimu. Jana jioni rafiki yake kaja, shikamoo mbili mbili, anaomba waazimane. Wanafanya mtihani saa ile ile, chumba kimoja.